Bastola ya Baba Kwenye Sanduku la Kanzu

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, madera na mapazia, kibarazani kwetu Old Korogwe, upande ule wa kuteremkia mtoni. Nina bisibisi ndogo, nina chupa ya mafuta ya cherehani, na nina macho mazuri. Hayo ndiyo yaliyoniponza. Watu wakisikia habari ya bastola ya baba huniuliza, "Kwani wewe ulijifunzia wapi mambo ya silaha?" na mimi huwa nakasirika hapo hapo. Sikujifunza popote. Nililazimishwa, na siku zote nilikuwa naogopa.

Baba aliimiliki kihalali. Alikuwa na kibali, na kila mwaka aliipeleka polisi ikakaguliwe, amevaa vizuri na kofia yake, utadhani anapeleka mtoto kliniki. Ilikuwa bastola ndogo ya silinda, ya risasi nyembamba ambazo ukiishika moja unaona aibu kuiogopa. Aliinunua ikiwa imeshatumika, zamani, alipokuwa akifanya biashara ya mahindi na machungwa ya Handeni, baada ya majambazi kumsimamisha njiani wakamvua hadi viatu. Tangu siku hiyo hakulala bila kitu chini ya mto. Lakini hakuwahi kumpiga mtu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuipaka mafuta ya nazi.

Mafuta ya nazi, jamani! Yale yale ya mama ya kupaka nywele. Baba aliamini mafuta ni mafuta, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Miezi ya baridi mafuta yaliganda humo ndani, jua likirudi yakayeyuka, vumbi likanasa, yakaganda tena, hadi silinda ikawa inazunguka kwa shida na nyundo inaanguka kivivu. Ukiinusa ilinukia maandazi.

Siku moja ya soko, mchana kweupe, mwizi alipanda juu ya bati letu akafungua sola, akashuka na betri begani. Baba alitoka na bastola. Akamlenga. Akavuta. "Ta." Akavuta tena. "Ta." Yule mwizi alisimama kabisa, akamtazama baba kwa huruma, akasema, "Pole, mzee," halafu akaondoka na betri yake, anatembea tu, hata hakukimbia. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua.

Aliyeitangaza zaidi ni bibi mmoja jirani yetu, Mnyamwezi, ambaye wazazi wake waliletwa huku kuwa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Sisi ni Wazigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Anayejua utani anajua maana yake: mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kuku wako, kukuita mtumwa wake, na wewe huna ruhusa ya kununa. Bibi huyo alipita kwetu kila asubuhi akienda kanisani au akijifanya anaenda kanisani. "Mtumwa wangu, umeamka?" anamwita baba. "Na ile ta-ta yako imeamka?" Baba anajibu kutoka ndani, "Mimi siongei na manamba!" Halafu anatoka, wanakunywa chai pamoja. Mama alipofariki, ni yeye aliyemfanya baba ale tena.

Basi mwaka huo, kwenye ukaguzi, askari alimwambia baba wazi kwamba silaha yake imekwama. Aitengeneze au aisalimishe. Mimi nilipoisikia habari hiyo niliruka kwa furaha. Isalimishwe, hata leo! Baba tayari alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mikono inamtetemeka hata kikombe kinamwagika. Nikamwambia nitamsindikiza mwenyewe.

"Wewe si una bisibisi?" alisema.

"Baba, mimi hata kuigusa siruhusiwi. Kibali ni chako."

"Kibali changu, na mimi nipo hapa nimekaa. Wewe ni mikono yangu tu."

Tuligombana siku kadhaa. Mimi nina mdomo, sitaki kujisifu, lakini baba ndiye aliyenizaa na mdomo huo ni wake. Mwishowe nilifunga mlango wa uani, nikatandika mkeka, nikaketi naye baada ya sala ya adhuhuri.

Sitasahau woga wa siku ile. Kwanza aliniambia niifungue silinda itoke pembeni, nimtolee risasi zote na kumwekea kiganjani. Akazifumba mkononi. Halafu nitazame matundu, moja moja, kwenye mwanga. Yalikuwa matupu. Nikatazama tena. Matupu. Nilikuwa naona mwanga unapita, naona hadi tawi la mpera upande wa pili, na bado mwili wangu ulikataa kuamini. Kila nilipoigeuza nilihisi kitundu cha mtutu kinanifuata. "Mtutu ukutani!" baba alinikemea, na alikuwa haoni, alijua tu kwa sauti ya mkeka.

Tulitumia mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Nilisugua hadi ule ulimbo wa nazi ukatoka mweusi. Kulikuwa pia na kijiti cha chuma katikati ya silinda, kile kinachosukuma maganda ya risasi yatoke. Kilikuwa kimelegea, na baba akanieleza kwamba hicho ndicho mwanaharamu wa bastola za aina ile: kikilegea kinarefuka kidogo, kinajikaza mbele, na silinda haifunguki tena. Nikakikaza. Nikapaka tone la mafuta ya cherehani hapa na pale. Nilitaka kuacha uchafu kidogo kwa nyuma, ili ibaki imegoma, tuendelee kuishi kwa amani. Baba alinyoosha mkono, akaizungusha silinda karibu na sikio lake. "Umeacha uchafu kwenye nyota, kile kibati cha nyuma ya silinda. Rudia." Mwe! Yule mzee alikuwa na masikio.

Tulipokwenda shambani Kwamsisi kwa mavuno ya machungwa, alitaka kuijaribu. Shamba letu lipo mbali na nyumba za watu, na kuna kichuguu kikubwa ukingoni. Nilimsimamisha, nikamwelekeza mikono, nikarudi nyuma yake nikaziba masikio na kufumba macho. Ya kwanza: ta. Nikashusha pumzi. Ya pili ililia. Nasema kweli, nilijikojolea kidogo. Kunguru wote waliruka, kichuguu kikatoka vumbi, na baba akaanza kucheka peke yake, anacheka hadi anakohoa.

"Imeamka!" alisema. "Lakini nisikilize. Usimwambie mtu. Hata kaka yako. Yule manamba wangu aje siku moja na ta-ta yake, halafu mimi nipige hewani pale uani, nione atakavyorusha kanga."

Nilimwambia akithubutu nitamhama. Alinikubalia kwa mdomo. Lakini tuliporudi Korogwe alinilazimisha niijaze risasi nyingine ambazo hazijapigwa, kutoka kwenye boksi lake la zamani, matundu yote sita. Nilizipanga kwa vidole vinavyotoka jasho, nikafunga silinda, nikairudisha chini ya mto wake. Hivyo mjini kote, watu wote walijua bastola ya baba imekufa. Aliyejua kwamba inaweza kulia ni baba na mimi.

Baada ya muda si mrefu kiharusi kilimpiga. Upande mmoja ukaenda, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Kitu cha kwanza nilichofikiria, Mungu anisamehe, si dawa. Ni bastola. Nilimwinua kichwa polepole, nikaitoa chini ya mto, nikaenda nayo uani kutoa risasi. Silinda haikufunguka. Nikasukuma kitufe, nikasukuma tena, wapi. Kile kijiti kilikuwa kimelegea tena, labda kwa mshtuko wa ule mlio wa Kwamsisi, na sasa kimejikaza mbele, na risasi zote zimo ndani.

Ili kukikaza unapaswa kukizungusha, na ili kukizungusha na silinda imefungwa, ni lazima vidole vyako vipite pale chini ya mtutu. Nilijaribu. Nilipoona kidole changu kipo mbele ya lile tundu nilipata kizunguzungu nikaiweka chini. Nikamwuliza baba. Alinitazama kwa jicho moja, akasema, "I... ache." Sikujua anamaanisha niache kujaribu au niiache kwake. Nikaifunga kwenye taulo nikaiweka juu ya kabati, na nikaanza kupanga nani anisaidie kuipeleka polisi. Sikuwahi kumpata. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza, siku zinapita. Kila nikiingia chumbani macho yangu yalikwenda kwanza juu ya kabati.

Baba alifariki asubuhi, wakati nampikia uji.

Tulikubaliana azikwe Kwamsisi kwa wazee wake. Watu wakajaa, gari likakodiwa, shangazi anatoa amri, kaka yangu mkubwa ambaye ni dereva wa lori yuko njiani kutoka Morogoro, na mimi nimesimama chumbani na taulo mkononi. Niiache nyumbani? Nyumba inabaki tupu na mwizi anaijua njia ya bati letu. Niipeleke polisi saa ile? Maiti iko ndani, nani angenielewa? Nikaamua niende nayo Kwamsisi, na tukimaliza matanga niipitishe Handeni kituoni. Nikaizamisha ndani ya sanduku la nguo za baba, chini kabisa, chini ya kanzu zake. Nilijiambia nguo za marehemu hakuna atakayezigusa mpaka siku ya kugawa.

Mimi Mzigua, mtoto wa Mzigua, nilijiambia hivyo! Nilikuwa nimesahau watani. Nguo za marehemu ndizo wanazozitafuta kwanza.

Maziko yalikwenda salama. Nililala karibu na sanduku, nikala karibu na sanduku, watu wakadhani ni uchungu wa baba. Aliyenitia wasiwasi mwingine ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, amebakiza wiki chache, na tangu baba afariki alikuwa halii kama watu wanavyolia. Machozi yalimtoka tu, mfululizo, bila sauti, wala hali kitu. Ukimwekea chakula anakitazama. Shangazi alikuwa anamwambia, "Utamuua mtoto kwa njaa," na yeye anaitikia kwa kichwa na machozi yanaendelea.

Siku ya kuondoa matanga yule bibi Mnyamwezi alifika na wenzake, wamepanda gari kutoka Korogwe na kelele zao. Walianza kwa kuiba jiko. Halafu wakakaa juu ya sufuria ya wali wakasema hauliwi mpaka walipwe. Watu walikuwa wamechoka kulia, wakaanza kucheka, na mimi pia nilicheka, nakiri. Nikatoka kwenda kumsikiliza sheikh aliyekuwa anaaga upande wa barabarani. Sikukaa sana. Nilikuwa narudi niliposikia wanapiga ndoo na watu wanashangilia.

Bibi alitoka mlangoni amevaa kanzu ya baba. Kanzu, kofia, miwani na fimbo yake. Anatetemesha mikono vile vile, anapapasa ukuta vile vile, anakohoa kikohozi cha baba. Alimwigiza hasa. Nyuma yake mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika tumbo, anacheka. Anacheka kweli, anajifuta macho na kanga. Nikasema moyoni, alhamdulillah, bibi amemponya.

"Mwizi!" bibi akapiga kelele kwa sauti ya baba. "Mwizi wa betri yangu yuko wapi?"

Kaka yangu akaelewa mchezo. Akanyanyua kiti cha plastiki akakiweka begani, akaanza kunyata mbele ya watu. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Na bibi akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu akatoa bastola.

Yarabi.

"Bibi!" nilipiga kelele. "Ina risasi! Bibi, ina risasi!"

"Ina risasiii!" wenzake wakaitikia, wanapiga ndoo.

"Ndiyo ina risasi," bibi akasema, kwa sauti ile ile ya baba. "Nani kawaambia haina? Mwizi, simama!"

Kaka akageuka, akasimama kama yule mwizi alivyosimama, akaweka uso wa huruma. Watu wanamjua, wanajua kinachofuata, wote wamekwishavuta pumzi. Nilianza kukimbia. Bibi aliinyoosha mikono miwili, inatetemeka, akavuta.

"Ta."

Haikutoka mdomoni kwake. Ilitoka kwenye chuma. Niliisikia, nami naijua sauti ile, niliisikia Kwamsisi nikiwa nyuma ya baba. Watu wakapasuka kwa kicheko, na kaka akasema, "Pole, mzee," akaondoka na kiti chake.

Nilipomfikia bibi wenzake walinizuia. Wanawake watatu, wenye nguvu, wananishika mikono wanacheka. "Ala! Mtani hanyang'anywi! Komboa!" Hiyo ndiyo sheria, na kila aliyekuwepo aliijua kuliko jina lake. Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kufurahi, maana hakuna kitu kinachomfurahisha mtani kama kumwona mfiwa anapandwa na hasira. Nilimlilia shangazi, "Shangazi, imefufuka, niliitengeneza mwenyewe!" Shangazi alikuwa anajipepea na mtandio. "Mpe chake, mwanangu," alisema. "Mtani hakasirikiwi."

Nilimpa simu yangu. Bibi akaitazama, akasema haina chaji. Nikavua hereni. Akasema masikio yake mazee. Nikafungua kanga ya juu nikamtupia, nimebaki na gauni mbele ya sheikh na watu wote. Akajifunga kiunoni juu ya kanzu ya baba, akazunguka kidogo, na ile bastola inazunguka naye, inawapitia watu wote waliokaa mkekani, wanawake, watoto, wapishi. Nilikuwa naifuata kwa macho. 

"Haitoshi," bibi akasema. "Au basi mimi nimfuate mtumwa wangu kaburini?" Akaiweka kwenye sikio lake mwenyewe, akafumba jicho moja, akatoa ulimi.

"Ta."

Nilipiga magoti. Sikupanga.  Nilimshika miguu nikasema, "Bibi, nakuomba. Kwa jina la Mungu, nakuomba." Na nadhani aliona uso wangu, maana aliacha sauti ya baba. Aliinama, akavua miwani, akasema kwa sauti yake, polepole, "Haya mwanangu, basi, basi. Chukua. Tumelia, tumecheka, imetosha." Aliniwekea bastola mikononi na akanikumbatia kichwa. Alidhani ni msiba. Niliibeba nyuma ya nyumba, mtutu chini, nikatapika mpaka nikatoka machozi.

Nilimwambia kaka pale pale nyuma ya nyumba. Hakuniamini mpaka alipoona jinsi nilivyoishika. Tulikodi gari tukaenda Handeni siku ile ile, mimi nimekaa nyuma na taulo mapajani, dirisha wazi, mtutu kwenye sakafu ya gari. Kila shimo la barabara nilikuwa nasoma dua. 

Kituoni walitupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Walituuliza maswali mengi, na walikuwa na haki. Askari mmoja wa makamo aliichukua, akaielekeza kwenye ndoo ya mchanga, akabana kile kijiti kwa koleo akakizungusha taratibu hadi silinda ikakubali. Risasi sita zikaangukia mezani. Akazigeuza moja moja kitako juu, akatenga baadhi.

"Mlikuwa mnajaribu kupiga?" aliuliza.

"Hapana," kaka akasema.

"Hizi zimegongwa." Alitusogezea. Kwenye ukingo wa kila moja kulikuwa na alama ndogo, kama ya ncha ya kucha. "Nyundo imezipiga, zenyewe zikakataa. Risasi zilizokaa sana ndivyo zilivyo, moja inakataa, nyingine inalia. Huwezi kujua."

Kaka aliinama kuzitazama. Mtu mzima, anaendesha lori la tani thelathini, akashika meza asianguke. "Moja ni yangu," alisema.

Moja ilikuwa yake. Moja ilikuwa ya bibi, ile ya sikioni. Lakini zilizotengwa zilikuwa tatu.

Nilizihesabu tena, nikamwambia askari labda amekosea. Hakuwa amekosea. Na mimi mwenyewe ndiye niliyezipanga, hazijapigwa, kutoka kwenye boksi, na hakuna mwingine aliyevuta baada ya hapo. Kaka alisema njiani, "Labda baba. Labda kabla ya kiharusi alijaribu kitandani." Nilishika neno hilo kwa mikono miwili. Baba, bila shaka ni baba, alilenga dari, mzee msumbufu yule, haoni na hasikii la mtu. Tulikubaliana mimi na kaka kwamba bibi asiambiwe. Ni mtu mzima, ana presha, alikuja kutuondolea majonzi. Ukimwambia alichokuwa amekishika utamuua. Na mdogo wetu asiambiwe kabisa, mpaka ajifungue.

Alijifungua mtoto wa kiume, salama, mkubwa, ana kelele. Walimleta kwangu Old Korogwe ili nimuuguze uzazi. Siku ya pili asubuhi nilikuwa kibarazani nashona sare, mdogo wangu yuko ndani shangazi anamkanda na maji ya moto, nikamwona bibi anakuja na kuku kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtumwa wangu. Yuko wapi mtumwa wangu mdogo? Nimekuja kumchukua, nina shamba linataka kulimwa."

Nilimpa mtoto. Alikaa naye kwenye mkeka, akamfungua kanga, akamkagua vidole vyote, akamsema pua, akamsema masikio ya Kizigua. Mtoto alikuwa ametulia, anamkodolea macho.

"Unaona?" bibi akasema. "Ananijua huyu. Tulishasalimiana."

"Mlisalimiana lini, bibi?"

"Si siku ile ya matanga, kule chumbani? Mama yake ndiye aliyenifunga vifungo vya kanzu. Analia, machozi yananidondokea mikononi, nikaona huyu nitamfanyaje? Ndipo nikaikuta ile ta-ta kwenye taulo." Alimlaza mtoto vizuri mapajani, akanyoosha kidole, akakigusisha kwenye kitovu chake kilichokuwa bado na kamba. "Nikamwekea mama yake hapa. Nikasema, wewe uliyejificha humo ndani, toka, mikono juu! Nikavuta. Ta! Mwe, mjukuu wangu, alivyocheka! Siku zote zile hakucheka, akacheka hadi akakaa kitandani. Akaniambia, bibi, hebu rudia."

Mashine yangu ilikuwa imesimama. Sikumbuki kuisimamisha.

"Ukarudia?" niliuliza.

"Ningerudia," bibi akasema, anamfunika mtoto kanga, "ila nje walishaanza kupiga ndoo, wananiita."